Dunia Yenye Pembe Nne

Jumatatu, 6 Mei 2002
Jografia, darasa la tano. Risasi za kaskazini zilikoma saa mbili, watoto wakatulia. Nikawafundisha kuwa dunia ni mviringo kama mpira, nikawaambia waichore. Zawadi, binti wa muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, kachora mpira wenye pembe nne ndefu, za ng'ombe kabisa. Eti Pasta alihubiri dunia iko na pembe ine. Pasta alimaanisha kona. Nilicheka mpaka machozi. Ujinga wangu.

Jumanne, 7 Mei
Pasta ameiona kaye ya Zawadi, daftari lenye ule mchoro. Anasema mimi ndiye ninayefundisha watoto kudhihaki Neno. Shule ni ya kanisa. Chumba tunacholala mimi na Mama ni cha kanisa. Jumapili nisimame mbele ya waumini niseme dunia ni bapa, ina kona nne, kama Maandiko. La sivyo tuhame. Tuhamie wapi? Kwetu Uvira tulitoka mbio, vita nyuma yetu.

Alhamisi, 9 Mei
Nimepata. Isaya anasema Mungu ameketi juu ya duara ya dunia. Duara. Nikaenda ofisini na Biblia mkononi, najiona nimeshinda. Pasta akasoma polepole. "Sahani nayo ni duara, mwalimu. Na iko bapa."
Nikaifunga Biblia, nikatoka. Namchukia. Najichukia zaidi kwa kumpelekea aya mwenyewe.

Jumamosi, 11 Mei
Mabomu tangu alfajiri, upande wa vilima. Mama amefunga kifurushi, amekifungua, amekifunga tena. Miguu imemvimba, hata sokoni hafiki. Haniulizi nitasema nini kesho. Afadhali angeuliza.

Jumapili, 12 Mei
Nimesema. Bapa. Kona nne. Sauti haikutetemeka, na hilo ndilo linaloniudhi. Wakaitikia amina. Pasta akanishika mkono: "Asante, mwalimu. We ni mutu wetu."
Mama amekula ugali wote leo.

Jumatatu, 13 Mei
Pasta aliketi nyuma ya darasa. Nikaandika ubaoni: Dunia ni bapa, ina kona nne. Watoto wakanakili, vichwa chini, hati nzuri. Niliomba moyoni hata mmoja anyooshe kidole, aseme mwalimu, wiki jana ulituambia vingine. Zawadi aliuliza tu kama apige mstari chini ya kichwa cha somo. Nikamwambia apige. Juma lile waliniamini, na leo wameniamini vilevile.
Nikafuta ubao. Tukaingia hesabu.