Pumzi za Ruhembe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeitwa ofisini Kilosa. Balaa! Dokta Gabrieli, bosi wa utafiti wetu wa moyo, kaniuliza kama vipimo vya wakata miwa wa Ruhembe nimevitunga. Nivitunge mimi, Rebeka! Eti watu wazima wenye afya, mchoro wa mapigo unaruka ovyo. Nisipompa maelezo kufikia Jumamosi, Ruhembe inafutwa kwenye utafiti na kibarua changu kinaota nyasi. Nimelia njia nzima mpaka Mikumi. Kisha nikakasirika. Bora hasira.

Jumatano, 6 Agosti

Nimerudi Ruhembe kwa Mama Generoza, mwenye mchoro mbaya kuliko wote. Shikamoo, marahaba, chai na muhogo. Nikamfunga kifuani mkanda wa kupima mapigo. Safari hii sikuangalia mchoro kwenye simu, nilimwangalia yeye. Kifua kimejaa, macho yamemtoka. Mama, vipi? Akaninyooshea kidole, nisubiri. Halafu akaachia — fuuu! — akavuta pumzi nyingine, akabana tena.

Kwa nini unabana, mama? Akanishangaa. Si ndivyo inavyotakiwa? Gari la eksirei ya kifua kikuu likija, wanaambiwa vuta, shika, usipumue. Kitu kikigusa kifua, mwenye adabu anabana mpaka aambiwe basi. Na mimi sikumwambia basi!

Kumbe! Ukivuta pumzi moyo unaongeza mwendo kidogo, ukitoa unapunguza; ukibana kisha ukaachia ghafla, mchoro unaruka ovyo. Na sisi tunapima hayohayo, mabadiliko ya pigo hadi pigo. Nimepima watu waliobana pumzi, wote kwa heshima zao.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimewarudia niliowapata. Pumueni kama mmekaa barazani mnapiga soga, nikawaambia. Mchoro wa Mama Generoza sasa unapanda na kushuka taratibu, mzuri mno. Nusura niibusu simu! Nimemtumia Dokta na maelezo yote. Kajibu kwamba ni hadithi tamu, Jumamosi anakuja mwenyewe. Sijui kama kaniamini. Moyo wangu umepata nguvu hata hivyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Kaja. Kasema hakuna mtu mzima wa kusahau kupumua. Nimfunge yeye, nione kipimo kinavyotakiwa kuwa. Kazaliwa Kidodi huyu, hapo jirani, anawajua watu wa huku. Haya, nimemfunga. Wakati wa kupima hatuongei, ndiyo maana naandika.

Mama Generoza, aliyekaa pembeni yangu, ananikanyaga mguu. Nimeinua macho.

Mashavu ya Dokta yamevimba. Kifua juu. Kabana!

Mchoro kwenye simu unaruka. Rebeka, usicheke. Usich—