Samaki Uliyemla Chini ya Majani Mekundu

Mpendwa binti yangu Sifa,

Kwa heshima ninayoitia katika kila barua ninayowaandikia wateja wangu, na kwa upendo ambao barua za biro, yaani za ofisi za serikali, haziruhusu, ninakuandikia kutoka Kalemie. Barua hii sikuifunga. Tangu ulipoacha kupokea simu, sina njia ya kukufikia ila kupitia kwa Bahati, mwana wa jirani yetu, ambaye ndiye mwenyekiti wa umoja wenu wa wanafunzi wa zamani wa Kalemie huko Japani. Nimemwomba akukabidhi mkononi, na ukikataa kuipokea, akusomee. Kwa hiyo wenzako wataisikia. Nimelikubali jambo hilo, kwa maana wanastahili kujua kwa nini mgeni waliyemkaribisha kwa nderemo aliwaaga akiwa na furaha, kisha akawa bubu.

Nianze na siku ambayo huenda huikumbuki, kwa kuwa ulikuwa hujaanza shule. Mama yako alikuwa amepika samaki, mikebuka wa ziwa letu, na mfupa ulikukwama kooni. Alikumezesha matonge ya bukari, nawe ulikuwa ukilia bila sauti. Kaka yako Amani, ambaye naye alikuwa mtoto wa kaptula, hakungoja amri yangu. Alikupakia mgongoni akakimbia nawe kuelekea dispensari iliyo karibu na stesheni. Mfupa uling'oka njiani kwa jinsi ulivyorushwarushwa, na mliporudi mlikuwa mkicheka, huku mimi nikiwa nimesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni.

Tangu siku hiyo Amani alikutolea mifupa. Alikaa kushoto kwako, nawe ulipopewa samaki ulikuwa unaisukuma sahani kushoto kwa vidole viwili, bila kutazama na bila kukatiza hadithi uliyokuwa ukitusimulia. Baada ya muda sahani ilirudi, naye alisema, "Kula, chefu. Barabara imefagiliwa."

Mama Bahati alikuwa akikutania kupitia dirishani: "Mutoto wa ziwa anaogopa mifupa! Siku ya ndoa yako, Amani atakaa katikati yenu?"

"Atakaa," ulimjibu. "Bwana atahamia upande mwingine."

Uliendelea hivyo mpaka ukamaliza sekondari na kupata diploma yako ya serikali, ukiwa mtu mzima mwenye kitambulisho cha mpiga kura, na hakuna aliyeona ajabu.

Kisha Amani alipanda boti la mbao kwenda Moba kutengeneza injini ya mtu. Boti halikufika. Ziwa lilirudisha baadhi ya watu, Amani halikumrudisha. Ninayasema haya kwa ufupi kwa sababu mimi na wewe tulisimama pamoja pale ufukweni, na katika maneno yote niliyojifunza peke yangu, bila mwalimu, sikupata moja linalofaa.

Wenzako wanaosikiliza wafahamu desturi ya nyumba ya bibi yako mzaa mama. Aliyepotelewa na mtu wake majini hali samaki mpaka mwili uonekane. Usipoonekana, inafika siku ambapo familia nzima inaketi pamoja, inamtaja aliyepotea kuwa amekufa, ndipo inakula samaki wa kwanza. Mama yako alikataa kuketi. Kwake kuketi ni kusema, na yeye hakutaka kusema.

Kukataa samaki katika mji huu ni kukataa hewa. Ndagala wanaanikwa mchangani kila mahali, harufu yao imeingia hata katika karatasi zangu. Sisi tulikula sombe, majani ya muhogo, na maharage, kesho yake maharage na sombe, mpaka wewe ukasema, "Papa, mimi nitaota majani kwenye masikio." Mama yako alicheka. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu msiba, ingawa neno msiba halikuruhusiwa nyumbani kwetu.

Siku ulipoondoka kwenda Japani, akikufunga kitenge juu ya shati lako la safari, alikushika mabega.

"Kule wanakula samaki asubuhi na magaribi. Wewe hapana. Mpaka siku tutakaa wote."

"Nimesikia, Mama."

"Usiseme umesikia. Sema hautakula."

"Sitakula, Mama."

Mimi nilikuwa shahidi. Ndege ilipopanda juu ya ziwa, mama yako hakuitazama. Alitazama maji.

Ndipo ikaja video ya matembezi ya umoja wenu huko. Bahati aliituma kwa mama yake, naye akatualika sisi na Papa Kiza, yule mstaafu wa reli, baada ya misa ya Jumapili. Tulikaa ukumbini kwake tukiwa na chai, na mama yako alikuwa amevaa kitenge chake kizuri kana kwamba wewe ndiye utakayemwona.

"Njo yeye ule pale!" Mama Bahati alipiga makofi. "Mama Amani, angalia mutoto wako. Hii ni koti ao blanketi?"

"Koti," mama yako alisema kwa majivuno.

"Basi wamemufunga sawa na mutoto wa jana."

Mlikuwa kando ya mto, mmetandika mikeka ya plastiki, na miti yote juu yenu ilikuwa myekundu. Papa Kiza alisogeza uso karibu na simu.

"Miti inaungua na hakuna muntu anazima."

"Haiungui, Papa Kiza. Njo otone yao ile, wakati baridi inakuja. Majani yanakufa vizuri," Mama Bahati alimjibu.

Sote tulicheka. Nilikuona umekaa mwisho wa mkeka, kati ya wageni waliofika mwaka huu, na moyo wangu ukatulia. Bahati alisimama akiwa na kofia ya sufu, akatangaza: "Wageni njo wanaanza! Hapa hakuna mukubwa anagusa chakula mpaka mugeni ameze." Kila mgeni aliwekewa samaki kutoka makaani, juu ya sahani ya karatasi, na wenyeji wote, pamoja na wake zao na watoto wao, waliweka mikono magotini wakawatazama.

Bahati aliondoka Kalemie zamani, kabla ya msiba wetu. Asijilaumu. Kukaribisha kwa namna hiyo ni jambo la heshima, na ningeweza kuwaandikia barua ya shukrani ndefu kuliko hii.

Ulikula. Wakapiga makofi. Ulifunika mdomo kwa mkono, mabega yako yakatikisika, nami nilidhani unacheka.

Ukumbini kwa Mama Bahati hakuna aliyegusa kikombe. Papa Kiza ndiye aliyejaribu kutusaidia. "Mama Amani, ule si samaki wa huku. Ni wa kwao. Hana habari yetu." Mama yako alimshukuru mwenye nyumba kwa chai, akakaza kitenge, akatoka.

Nilimfuata nikiwa nimekwisha kupanga hoja zangu. Nilimwambia kwamba desturi inahusu maji yaliyomchukua mtu, wala haihusu maji yote ya dunia. Kwamba mto wa Japani na ziwa letu havijawahi kukutana. Kwamba aliyekabidhiwa sahani mbele ya umma hawezi kuikataa bila kuwatukana waliomwalika. Ni hoja ambazo zingeshinda mbele ya wakubwa wa komuni, serikali yetu ya mtaa.

"Papa Amani," alisema bila kugeuka, "usiniandikie. Mimi si biro."

Kesho yake ulikuja ujumbe wako: *Papa, munisamehe. Nilisahau.* Niliusoma kwa sauti, nikitumaini utapunguza jambo. Mama yako alikuwa anachambua maharage. Aliinua macho.

"Amesahau samaki ao amesahau Amani?"

Nilikupigia ili nipate jibu kwako, na simu iliita mpaka ikakatika. Niliipiga tena siku hiyo, na siku zilizofuata.

Sifa, sikukasirika kwa sababu ulikula. Niliogopa kwa sababu ya neno lako. Tulikuwa watatu tuliomshikilia Amani, kila mmoja kwa upande wake, na neno hilo lilinifanya nione kwamba upande mmoja umeachia. Kisha nikaogopa jambo lililo kubwa zaidi. Simu inayoita bila kupokelewa mimi naijua. Ya Amani iliita hivyo siku ile ya kwanza, kabla haijaanza kusema kwamba mwenyewe hapatikani. Kila ninapokupigia, ninahesabu ile milio kwa woga. Nyumbani mama yako hakutaja jina lako tena. Alipika kwa watu wawili, akafunika sufuria, akalala mapema. Nami nikawa ninaishi na wanawake wawili walionyamaza, mmoja Japani na mmoja jikoni, na katikati yao mtu wa maneno asiye na neno.

Juzi alikuja mahali ninapofanyia kazi, kwenye meza yangu iliyo mbele ya ofisi ya komuni. Alikuwa hajawahi kuja pale. Nilikuwa na mteja, mama mmoja kutoka Katanika, kambi ya waliokimbia vita, aliyetaka ombi la bashi, turubai la kuezekea, kwa maana mvua inamnyeshea ndani. Mama yako alimsalimu, akavuta kigoda, akanyoosha mkono.

"Onyesha ile video."

Nilimpa simu yangu ndogo. Alitazama mpaka mwisho.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Tena. Pale anapewa sahani. Sasa angalia mukono."

"Ninaangalia uso wake," nilisema.

"Umeangalia uso siku zote. Angalia mukono."

Binti yangu, video hiyo nilikuwa nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri, na sikuwa nimeona. Sahani inawekwa mbele yako. Umegeuza kichwa kulia, unamsikiliza Bahati. Na mkono wako, kwa vidole viwili, bila wewe kutazama, unaisukuma sahani kushoto.

Kushoto kwako hakuna mtu. Kuna blanketi iliyokunjwa na majani yaliyoanguka. Sahani inakaa pale. Wewe unaendelea kusikiliza, unangoja. Kisha unageuka, unaiona mahali ilipo. Watu wote wana mikono magotini, wanakungoja wewe. Unaivuta sahani taratibu, unaanza kutoa mifupa mwenyewe, vibaya, kama mtu anayefungua barua isiyo yake. Halafu unakula, na wanapiga makofi, na unafunika mdomo. Mama yako alisimamisha picha hapo kwa kidole gumba.

"Huyu hacheki," alisema.

Mama wa Katanika alikuwa amesahau bashi lake. Alikuwa ameinama juu ya bega la mama yako, akitazama ile sahani mbele ya blanketi.

"Anamungojea nani?"

"Kaka yake."

"Atakuja?"

Pikipiki zilipita. Mtu mmoja aliniita kwa jina langu ng'ambo ya barabara, sikumwitikia. Mama yako alikuwa bado ameishika simu kwa mikono miwili.

"Hapana," alisema. "Hatakuja."

Sifa, sikuwa nimewahi kumsikia akilitamka neno hilo. Si nyumbani, si kanisani, wala kwa padri. Alilitamka kwa mtu asiyemjua, mbele ya meza yangu, mchana kweupe, kisha akanirudishia simu. Mama wa Katanika alimshika mkono, wakakaa hivyo kama watu waliofahamiana tangu zamani. Kisha mama yako alinigeukia.

"Kila siku unaandikia watu. Andikia mutoto wako."

"Nimwandikie nini?"

"Mwambie ale. Baridi ile si ya kula majani. Na mifupa atoe polepole, asijifanye anajua."

"Na wewe je?"

"Mimi bado. Namungojea Sifa. Akirudi, tutakaa."

Haya ndiyo niliyotumwa, nami nimeyafikisha kama yalivyosemwa, bila kuyarekebisha. Ninalo moja tu la kuongeza kwa niaba yangu mwenyewe. Uliandika kwamba ulisahau. Ninapinga tamko hilo. Ulisahau ahadi, labda, kwa muda wa kumeza tonge. Lakini mkono wako ulimpelekea kaka yako sahani mbele ya halaiki ya watu, katika nchi ambayo hakuwahi kuifikia. Hilo halifanywi na aliyesahau.

Ninafahamu kwamba sasa utakula ukijua unaruhusiwa kwa sababu mama yako amesema *hapana*, na kwamba ruhusa ya namna hiyo ni nzito kuliko katazo. Sijui jinsi ya kukupunguzia. Mimi mwenyewe tangu juzi ninatembea kama mtu aliyepewa habari za msiba mpya, wakati ni ule ule. Mama yako anapika, anafunika sufuria, analala mapema. Lakini jana alilitaja jina lako. Aliniuliza kama nchini mwenu huko asubuhi imefika.

Kwa hiyo ninaomba, na sijawahi kuomba jambo lolote kwa uzito huu kwa mkuu yeyote: pokea simu. Usiongee kama huwezi. Ipokee tu, tusikie unavyopumua, kisha ukate. Na mtakapotandika mikeka tena chini ya miti hiyo, mtu akitaka kukaa kushoto kwako, mruhusu. Lakini kwanza mwambie anakaa mahali pa nani.

Ni mimi, papa wa Amani na wako.