Bosi Abaki au Aende

Chumba nambari 7, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wa shemeji umepata nafuu. Kijana wetu je, kifua bado kinambana, au dawa mpya imemkubali? Mimi sijambo, ila magoti tu, na hayo nimekwisha kuyazoea.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu unaniweka spika ukiwa jikoni, nasikia sufuria kuliko ninavyokusikia wewe, na tunaagana kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Dereva wa lori la vitambaa anapita huko kesho, nimemwomba akukabidhi mkononi.

Jambo lenyewe ni mbwa. Usicheke. Najua wewe na mbwa hamuivi tangu yule wa mwenye duka alipokukimbiza ukarudi nyumbani na kiatu kimoja. Huyu ni mdogo, uzito wake haufiki kabichi mbili, na jina lake ni Bosi. Ni wa mwalimu mstaafu wa chumba cha chini. Mwalimu anahamia kwa mwanawe, na huko mbwa hawaruhusiwi.

Yote yalianzia kwenye suruali. Fundi bomba aliniletea kitambaa, nikampima vizuri, nikaandika, karatasi nikaibandika ukutani mbele ya macho yangu. Kisha nikakata kiuno thelathini na mbili, urefu arobaini na nne, nikashona mpaka pindo. Fundi bomba ni mfupi, na tumbo lake humtangulia kuingia mlangoni. Alipoivaa iligoma mapajani, huku chini ikiburura sakafu.

"Fundi, hii umemshonea nani?" akaniuliza.

Niliitazama nikaitambua. Vilikuwa vipimo vya mume wangu, marehemu shemeji yako. Mkono ulikata wenyewe kama ulivyozoea, nami nilikuwa nimemaliza siku nne bila kuzungumza na mtu. Nililia mbele ya mteja, mdogo wangu, mimi ambaye hata siku ya mazishi nilijikaza.

Fundi bomba hakukasirika, ila mdomo wake hauna kufuli. Jioni ile ile mwalimu alisimama mlangoni kwangu na mbwa kwapani. "Kaa naye wiki mbili, Fundi. Ukimchoka, nirudishie." Wiki hizo zinatimia Ijumaa hii.

Nakutajia hasara zake kwanza, usije ukasema nimerogwa. Manyoya yake yanashika kila kitambaa cheusi, na sasa hivi ninashona sketi za kwaya, nyeusi zote ishirini. Cherehani ikianza kwenda kasi anabweka kana kwamba inamtukana, hata jirani amegonga ukuta. Chaki yangu ya kuchorea ameitafuna. Kutwa lazima ashushwe ngazi mara tatu, na anayemshusha ni mimi na magoti haya. Halafu mwalimu anasema mbwa wa aina hii anaweza kufika miaka kumi na tano. Yeye ana minne, mimi sitini na nne. Mmoja wetu atakuja kubaki peke yake, na uchungu wa kubaki mimi nimeshauonja.

Faida nazo zipo. Nikirudi sokoni kuna anayefurahi kuniona, hata kama nimetoka kwa dakika kumi. Nikishona, zile nyakati anazonyamaza, hulala juu ya mguu wangu wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye pedali, na mguu huo haupati baridi tena. Mtaa huu nimeukaa miaka kumi na moja nikisalimiwa kwa kichwa tu. Siku hizi muuza magazeti na kinyozi wananisimamisha, wananiita Mama Bosi. Unajua Mungu hakunijalia mtoto, sikuwahi kuitwa mama fulani. Mara ya kwanza nilinuna. Sasa nageuka kabla hawajamaliza kuniita.

Ila mbwa hajibu. Juzi nilimsimulia siku tuliyomfichia bibi ugoro wake ndani ya kiatu cha babu, akapiga miayo. Waliobaki duniani wa kuicheka hadithi ile ni wawili tu, mimi na wewe. Nilicheka peke yangu, nikaacha katikati.

Sasa nifike ninakokwenda. Miaka mitatu unaniambia chumba cha nyuma kipo, njoo tuzeeke pamoja. Kwanza kilikuwa kinapakwa rangi. Kisha mama mkwe wako akakitumia. Kisha ukasema tungoje kijana amalize mitihani. Sikulaumu, nyumba yako ina mambo yake. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Bosi siwezi kuja naye, kifua cha kijana hakitamhimili. Nikimchukua, ndiyo nimekaa huku. Nikimkataa, atapelekwa kwa mlinzi wa ghala, akafungwe mnyororo.

Mwalimu anaondoka Ijumaa saa kumi jioni. Kama chumba kipo kweli, nipigie kabla ya hapo unitajie siku, siku yenye tarehe, nami nitafunga cherehani nije. Usiniambie tutaona. Na kama ni vigumu kunitamkia, usipige. Nitaelewa, nitashuka kwa mwalimu kuchukua bakuli la Bosi na blanketi lake, na nitabaki dada yako vile vile.

Nisalimie sana shemeji, umwambie asibebe vitu vizito. Msalimie kijana, na mama mkwe wako mpe heshima zangu. Mungu awalinde nyumba nzima, na riziki yenu isikauke.

Sketi za kwaya nitazimaliza Alhamisi hata nikikesha. Ijumaa sitashona kabisa, maana cherehani ikilia siisikii simu.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye hata ukikaa kimya.