Helikopta Iliyoegemea Kulia

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba, ila sijui namna nyingine ya kuanza kuongea na wewe.

Leo nimewasha kompyuta pale sebuleni Buswelu, nikaipeleka helikopta uwanjani, na kabla sijaiinua nikakumbuka ile wiki tuliyokuwa tunaitafutia ugonjwa. Nimeona nikuandikie.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulikuwa umetoka kwenye kiharusi, mkono wako wa kulia umebaki mzito, na yule mtaalamu wa mazoezi akakupa kampira uwe unakafinya. Ulikafinya kidogo ukakatupa kwenye kochi. "Nimefundisha jiografia maisha yangu yote," ulimwambia Mama, "leo nafinyishwa mpira kama mtoto mchanga!" Mdogo wangu Renatus alipokuja kutoka Dar akakuachia kompyuta yake, akaifungia simuleta, ile programu ya kuigiza urushaji wa ndege, na ile fimbo ya kurushia ndege, inayoshikwa kwa mkono wa kulia. Alifikiri utarusha ndege za kawaida. Wewe ukachagua helikopta. Nilipokuuliza kwa nini, ulinijibu kama niko darasani kwako: "Ndege inakwenda mbele tu. Hii inasimama hewani. Nataka nijue inasimamaje."

Uwanja wa Mwanza ulikuwemo, ziwa lilikuwemo, ila vilima walikuwa wamevilainisha vyote. "Mwanza gani hii haina mawe?" ulilalamika, na hukuacha kulalamika mpaka mwisho. Lakini nikirudi kutoka kazini, duka la dawa la Kirumba, nilikuwa nakukuta umekaa wima, miwani puani, helikopta inaning'inia juu ya lami kama kereng'ende, na vidole vyako vya kulia vimeishika fimbo kwa nguvu ambayo kampira hakakuipata kamwe. Mama alikuwa anakuita chakula kikapoa.

Halafu baada ya Pasaka ikaanza kuegemea.

Ulikuwa unaiinua, na kabla haijaacha ardhi vizuri inalala upande wa kulia, mapangaboi yanapiga lami, basi. Unarudia. Inalala tena, kulia kulekule. Mwanzoni ulicheka. Baadaye nikakuona unautazama mkono wako badala ya kutazama skrini.

Mama ndiye aliyeniambia, tukiwa jikoni anamenya ndizi. "Baba yako ameacha mazoezi yote. Anasema mkono unakufa, helikopta imemwonyesha."

Nilikuja kukaa karibu na wewe bila kusema nimeambiwa nini. Nikasema tu, "Baba, hebu tuanzie kwenye upepo." Ukanitazama pembeni. Nadhani ulijua. Lakini swali lilikuwa zuri, na wewe hukuweza kuliacha swali zuri likae peke yake. Tukaingia kwenye hali ya hewa, tukazima upepo wote, ziwa likatulia kama maji ya karai. Ikaanguka kulia. Ukasema labda abiria wamekaa upande mmoja. Tukawashusha wote, hata mizigo. Ikaanguka kulia. Tukaipima fimbo upya, tukaizungusha kila pembe kama ilivyoelekeza skrini. Ikaanguka kulia.

Ukajiegemeza kwenye kiti. "Koku, kaa wewe."

"Mimi sijui kurusha, Baba."

"Iinue tu. Ikisimama wima kwako, basi ni mkono wangu. Kaa, tujue."

Sikutaka kukaa. Vipimo vyote vya awali nilivipenda, hiki nilikiogopa, maana mkono wangu ulikuwa mzima na jibu lingeweza kutoka. Nilifikiria hata kuiangusha makusudi. Lakini ulikuwa umeinamisha kichwa, umenisubiri kwa ile subira yako ya kumngoja mwanafunzi aliyeko ubaoni, nikaona siwezi kukudanganya ukiwa umekaa hivyo. Nikashika fimbo. Nikainua taratibu.

Ikalala kulia. Mapangaboi, lami, kishindo.

Ulicheka mpaka Mama akatoka jikoni na kisu mkononi kuuliza kuna nini. "Binti yako ameua abiria!" ulimwambia. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na wewe uliyaona, ukajifanya hujayaona.

Kisha ukafuta miwani na kunikatisha furaha. "Hiyo haitoshi. Wewe hujui kurusha, ungeangusha hata nzima."

Ulikuwa hivyo. Habari njema uliipima kuliko mbaya.

Ukaniambia nifungue ule ukurasa unaoonyesha mstari unaosogea kila ukigusa fimbo. Ukasema, "Toa mkono." Nikatoa. Na wako ukauweka mapajani. Hakuna aliyegusa kitu, na mstari ulikuwa umesogea kulia, unatetemekatetemeka kama kuna mtu anausukuma.

"Sasa huyu nani?" uliuliza kwa sauti ya chini kabisa, na Baba, uso wako! Sikuwa nimeuona uso huo wa udadisi tangu ulazwe hospitali.

Tukaanza kufuata nyaya. Mimi nilipiga magoti nyuma ya meza, wewe ukaniongoza kutoka kwenye kiti: huo wa fimbo, huo wa skrini, huo wa spika, na huo mweusi unakwenda wapi? Mweusi ulipita nyuma ya televisheni, chini ya kitambaa cha kufuma cha Mama. Nikauvuta. Ikatoka pedi ya gemu ya Renatus, ile aliyochezea mpira wa kwenye skrini alipokuja tena Pasaka. Aliiacha imechomekwa kwenye kompyuta. Ilikuwa imebanwa kati ya televisheni na ukuta, kile kijiti chake kimekandamizwa upande mmoja, na siku zote hizo ilikuwa inaiambia helikopta yako: kulia, kulia, kulia.

Nikaichomoa. Mstari ukarudi katikati.

Ukajisogeza, ukashika fimbo, ukainua. Ikapanda. Halafu, polepole sana, ikaanza kuteleza kulia. Nikaanza kuinama tena nyuma ya meza.

"Ngoja," ulisema. "Hii ni tofauti. Hailali, inasogea."

Ukaagiza mfuniko wa sufuria. Ukauzungusha juu ya ngumi yako ya kushoto ukinieleza: pangaboi kubwa linataka kuuzungusha mwili mzima, kwa hiyo lile dogo la mkiani linasukuma kuuzuia. Sasa huo msukumo wa mkiani unakwenda wapi? Lazima uibebe helikopta kando. Nikatafuta kwenye simu, nikakusomea: ni kweli, helikopta za aina hiyo husogea kulia zikisimama hewani, na rubani huzishikilia kushoto kidogo muda wote.

"Kwa hiyo hata iliyo nzima haikai bila kushikiliwa," ulisema, na ukaishikilia.

Ukavuka maji mpaka Kamanga. Ukatua vibaya, umepinda, kwenye majani. Hakukuwa na kivuko wala watu, na hilo nalo ulililalamikia.

Mazoezi uliyarudia. Kabla ya masika yaliyofuata ulikuwa unafunga vifungo vya shati la kanisani mwenyewe, Mama amesimama mlangoni akijizuia kukusaidia. Moyo ndio uliokuchukua, Baba, si mkono. Mkono ulikuwa unaendelea vizuri. Nataka ujue hilo, ingawa nadhani ulilijua kabla yetu.

Mama hajambo. Mwanzoni alitaka tuifunike kompyuta na shuka. Sasa ananiuliza nimefika wapi, na juzi aliniomba nimpeleke Bukoba kwa kufuata ufuo, akae tu pembeni aangalie.

Na huko Bukoba nimekutana na kitu. Nilitaka kutua haraka, nikaishusha helikopta wima, moja kwa moja. Ikaanza kutikisika, halafu ikazama. Nikaongeza nguvu ili ipande, ikazidi kuzama. Nguvu zaidi, inashuka zaidi! Nimejaribu mara nyingi. Nikienda mbele kidogo inapona.

Sijatafuta jibu kwenye simu. Nimekaa na swali hili wiki nzima. Mimi nasema inazama ndani ya upepo wake yenyewe, ule ilioutupa chini. Ila najua ungeniambia hiyo haitoshi, na sijapata bado cha kukujibu.

Wako anayekuwaza,
binti yako, Koku