Maneno Juu ya Tangi

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Kufua mashuka ya hospitali kunaendaje, na kile kikohozi kimekuacha? Huku tu wazima, ukitoa usingizi, ambao umetukimbia mimi na mama yako tangu tumzike kaka yako.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Meneja wa kiwanda amebandika tangazo getini: fundi rangi aliyeanguka kutoka kwenye tangi la maji alikuwa amelewa, na kamba za kiwanda zote ni nzima. Kaka yako, ambaye soda tu ilimpa kiungulia! Kamba waliyompa niliikuta bado imefungwa kiunoni mwake. Ilikuwa imekatika, inachambuka kama gunia kuukuu. Nimepaka rangi miaka thelathini, kamba mbovu naijua.

Nimeandika ukweli kwenye ukuta wa kiwanda mara tatu. Mara tatu wamefuta kabla ya chai ya saa nne.

Sasa nina swali. Ulipokuwa shule uliandika jina lako juu kabisa ya daraja la reli. Nilikuchapa, sikukuuliza kitu. Nakuuliza leo: kwa nini wewe na wenzako mlikuwa mnapanda mahali ambapo mtu akiteleza anakufa?

Baba yako

14 Machi

Baba, shikamoo.

Kikohozi kimeisha. Mwambie mama blanketi lake limefika. Barua yako niliisoma kazini, chooni, nikalia huko huko.

Watu hudhani tulitafuta sifa. Sifa zilikuwepo, sikatai. Lakini chini, baba, kila mtu anaandika na kila mwenye ndoo anafuta. Juu, anayetaka kukufuta sharti kwanza awe na moyo kama wako. Na anayesoma hajiulizi kama unatania. Anajua huyu aliweka roho yake rehani kwa maneno haya. Mimi sikuwa na kitu kingine cha kuweka. Nilikuwa mtoto wa fundi rangi, nani angenisikiliza?

Ila wewe usipande. Una miaka sitini na mmoja. Nataka meneja aumbuke, nataka alie mbele za watu, lakini nimeshazika kaka. Sina nguvu ya kuzika baba.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, ila mapaja yanawaka moto, na utajua sababu.

Nimepanda. Jumapili asubuhi, kiwanda kimefungwa. Mlinzi, aliyempenda sana kaka yako, alinifungulia geti kisha akazama kwenye gazeti alilolishika juu chini. Nilikwenda na kamba yangu, mpya. Ngazi mia moja na kumi na mbili. Nilipofika pale alipoanguka kaka yako nilikaza fundo, kisha nikafungua kopo la rangi. Herufi ndefu kuliko mimi: HAKUWA AMELEWA. KAMBA ILIOZA.

Jumatatu meneja aliwaamuru mafundi wafute. Wakamuuliza, "Kwa kamba zipi, bosi?" Akafoka weee, wao wakakaa chini. Maneno yanaonekana hadi kwenye dirisha la ofisi ya meneja. Kila asubuhi napita hapo polepole nione kama pazia limefungwa. Limefungwa. Nafurahi, mwanangu, furaha mbaya.

Baba yako

10 Aprili

Baba, shikamoo.

Nilicheka hadi wauguzi wakadhani nimechanganyikiwa. Kisha nikakukasirikia. Umeshasema, sasa kaa chini. Mama ameniandikia kwamba huongei, unasaga meno tu. Nijibu upesi.

Binti yako

11 Mei

Mwanangu,

Nisamehe, nimekaa mwezi mzima bila kukujibu. Mama yako hajambo, anakusalimu.

Meneja alikuja nyumbani. Kuna watu wanataka kununua kiwanda, hataki wayaone yale maneno. "Mzee wangu, futa tu, tuyamalize." Mama yako hakumpa hata kiti. Nikamwambia, "Nitafuta. Ila tunapanda wote. Mimi kwa kamba yangu, wewe kwa moja ya zile za stoo mnazowapa mafundi." Angekataaje, naye ndiye aliyeandika getini kwamba zote ni nzima?

Kesho yake saa tano asubuhi kiwanda kizima kilikuwa uani. Mafundi wakamfunga kamba kiunoni. Alifika ngazi ya tisa, akaivuta kamba, nyuzi zikabaki mkononi. Akashuka, akapiga kelele mpaka mpishi wa kantini akatoka nje: "Hii kamba haifai! Mnataka kuniua?"

Watu wote walimtazama tu, naye akasikia alichokisema.

Nikapanda peke yangu. Sikufuta. Niliongeza chini ya yale maneno ya kwanza: HII KAMBA HAIFAI. Na jina la msemaji: MENEJA. Niliposhuka, mafundi walikuwa wamelichana lile tangazo la getini.

Usimwambie mama yako hili. Nilitaka meneja asiitazame kamba. Nilitaka apande mpaka juu. Nilidhani aibu yake itanishibisha, mwanangu, na bado nina njaa.

Baba yako

19 Mei

Baba, shikamoo.

Usione haya. Hata mimi, niliposoma, niliomba apande mpaka juu.

Nimepewa likizo ya wiki mbili, nafika Ijumaa. Ule upande wa tangi unaotazama barabara kuu niachie mimi. Nitaandika jina la kaka, lote, na siku aliyoanguka, ili yeyote atakayekinunua kiwanda aingie kazini akilisoma. Nitafutie rangi nyeusi.

Kamba nitachagua mwenyewe.

Binti yako