Fimbo ya Baba Mkwe Inaelea

Darla, usinicheke. Nimetoka kwenye ziwa lililoganda sasa hivi, uso sina!

Ile fimbo ya kuvulia niliyomtengenezea baba mkwe, unaikumbuka? Mzee Verlyn mwenyewe alitaka ncha ya rangi ya chungwa na mpini mwepesi kama kizibo, ili ikitumbukia kwenye tundu tunalotoboa kwenye barafu kuvulia, ielee. IELEE! Alisisitiza mwenyewe!

Leo samaki kaivuta, ikatumbukia. Na ikaelea kweli. Ila CHINI YA BARAFU, mbali na tundu! Ncha tunaiona iking'aa chini ya buti zetu.

Tukitoboa huku, samaki anaihamishia kule.

Mzee kalala kifudifudi, anaibembeleza kama paka. Wavuvi wote wamejaa, wanakunywa kahawa, wanatazama.

Mwishowe akaniinulia macho, taratibu: "Kazi nzuri, mwanangu. Inaelea."