Daktari Mkuu Ametoboa Kizazi cha Plastiki

Mwenzangu, keti kwanza. Daktari mkuu ametoboa kizazi. Cha plastiki, Mungu ashukuriwe.

Mkunga aliletwa kliniki yetu kuwafundisha madaktari kuweka kitanzi cha kupanga uzazi. Nje, kwenye benchi, alisubiri mwalimu wa shule aliyekwisha kurudishwa nyumbani mara mbili, kwa kuwa daktari mkuu anashikilia kwamba ambaye hajazaa hawekewi kitanzi.

Mara mbili!

“Mwongozo ulishabadilika, daktari,” mkunga akasema kwa adabu zake zote.

“Binti, nilianza kazi hii hujazaliwa.”

Binti huyo ana wajukuu watatu.

Basi mzee akanyakua kifaa aonyeshe ujuzi kwenye kizazi cha plastiki cha kufundishia. Kupima kina cha kizazi kwanza, hakupima; kupima ni kwa wanafunzi. Akasukuma. Kitanzi kikatokea upande wa pili, kikatutazama sote.

Upande wa pili, nakuapia.

“Plastiki yenu laini mno,” akanung’unika.

“Nyama ya mtu ni laini zaidi, daktari.”

Mkunga akanawa mikono, akafungua mlango: “Mwalimu, karibu ndani. Leo hurudi bure.”

Alimwekea yeye mwenyewe, baada ya kupima.

Daktari mkuu alishika taa.